Fundi Aliyeogopa Ngazi

Neno la kwanza aliloniambia kuhusu paa langu lilikuwa, "Nishushie."

Nilikuwa nimesimama mbele yake nyuma ya soko, mtoto mgongoni anakohoa, na mimi nimejaa hasira za wiki nzima. Nikamwambia, "Fundi, paa halishuki."

"Basi na mimi sipandi," akasema, akarudi kwenye turubai lake.

Ndivyo alivyokuwa. Namwandika kwa sababu nimechoka kusikia mtaani kwetu wakimtaja "yule bibi wa maturubai," kwa sauti ileile wanayomtajia mwendawazimu wa stendi. Hakuwa bibi wa maturubai. Alikuwa fundi. Mimi nimekaa sekondari miaka minne, nimefundishwa na watu wenye vyeti, na sijaona mtu aliyejua kitu kimoja kwa undani kama yeye alivyojua namna maji yanavyoingia yasikotakiwa.

Nieleze kwanza nyumba yangu, maana bila nyumba hamtamwelewa. Ninaishi kwenye karavani. Ni nyumba ya magurudumu, ile ambayo Wazungu huifunga nyuma ya gari wakaenda nayo kupumzika. Mtaalamu mmoja wa barabara alikuja nayo wakati wanatengeneza njia ya kupanda Mgeta, akalala humo mpaka kazi ikaisha, akamwachia mume wangu, Baba Pendo, aliyekuwa mlinzi wake. Trekta liliivuta mpaka kiwanja cha shangazi yake Baba Pendo, njia ya kwenda Mzinga, ikapandishwa juu ya matofali. Ina kitanda, meza ya kukunja, kabati, na kidirisha kwenye paa cha kutolea joto. Watu walikuja kuitazama kama sinema. Mimi nilikuwa bibi harusi, nikajiona nimefika.

Ambacho hatukukijua ni kwamba paa lile si bati. Ni mpira mweupe, mwembamba, umetandazwa juu ya mbao na kugandishwa kwa gundi. Hakuna aliyewahi kupanda kulitazama. Mwaka aliozaliwa Pendo likaanza kuvuja, na lilivuja juu ya kitanda.

Sasa Morogoro bati likivuja watu wanafanya nini? Wanapaka lami. Unaiyeyusha kwenye debe, unatia mafuta ya taa kidogo ili itembee, unapaka, umemaliza. Baba Pendo alikuwa ameshakwenda Dar kutafuta maisha. Wakati ule kila mwanamume alikuwa anakwenda Dar kutafuta maisha, biashara zimefunguliwa, kila kitu ruksa. Akatuma neno kwa dereva wa lori: mwambie apake lami. Nikapaka, kwa mkono wangu mwenyewe. Siku ya nne paa likavimba. Lilitoka malengelenge makubwa kama maandazi, mishono ikaachana, na mvua ya kwanza iliyopita ikaingia yote ndani. Pendo alikuwa na miezi saba. Kifua kikambana, tukalazwa.

Muuguzi aliyeturuhusu hakunipakia maneno mafuta. "Mama, huyu mtoto ameshalala kwenye unyevu mara mbili. Ya tatu usije ukanilaumu mimi."

Kwa shangazi walikuwa wanalala watu saba chumba kimoja. Masika yalikuwa yamebakiza chini ya mwezi mmoja. Na chini ya kitanda changu kulikuwa na kopo moja la dawa ya paa lile, dawa nyeupe nzito kama uji, aliyoiacha yule mtaalamu. Aliacha makopo mawili. Moja Baba Pendo alimgawia rafiki yake akapakia banda la kuku. Lililobaki lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, herufi kubwa kabisa: usipake kitu chochote chenye lami wala mafuta juu ya mpira huu. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na sikusoma kopo.

Hilo ndilo nililokwenda nalo sokoni siku ile: kopo moja, kipande cha mpira uliovimba, na mtoto.

Aliponiambia hapandi sikuondoka. Nilimtupia kile kipande miguuni. Akakiokota, akakinusa.

"Nani amelipaka lami?"

"Mimi."

"Umesoma?"

"Kidato cha nne."

"Mh," akasema. "Na ungesoma zaidi?"

Ningeweza kumrudishia neno, na nilikuwa nalo tayari. Lakini Pendo alikohoa. Fundi akainuka, akamfungua kitenge mgongoni mwangu bila kuniomba, akaweka sikio lake kwenye mgongo wa mtoto. Akasikiliza muda mrefu kama watu wanavyosikiliza redio ya taarifa ya habari. Kisha akalikunja turubai la watu, akachukua brashi yake. "Twende," akasema. "Huko kwako kuna ngazi?"

Brashi ile ndiyo kitu pekee alichotoka nacho kiwandani. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mahema, idara ya kupaka dawa ya kuzuia maji, na alipopunguzwa pamoja na wenzake wote alitoka getini na brashi ndani ya khanga. Nikimuuliza kama hakuona uchungu, ananiuliza mimi kama nimemaliza kuosha ndoo. Uchungu nauona mimi kwa niaba yake. Tulikuwa tunashona wenyewe turubai la kudumu miaka kumi, tukafunga, tukafungua maduka ya kuuza ya nailoni yanayochanika msimu mmoja. Hayo ndiyo maendeleo niliyoyakuta nilipomaliza shule.

Alijua kwa pua. Maduka yalikuwa yamejaa wakati ule, gundi, rangi, solusheni za kuzibia tyubu, kila kopo lina picha nzuri kuliko lenzake. Siku tuliyokwenda kununua solusheni ya viraka alinusa makopo sita. Mwenye duka akachoka. "Mama, hii ni ya nje."

"Nje ni kubwa," akamwambia. "Nje wapi?"

Akachovya kijiti, akapaka ukucha wake, akasimama pale mlangoni mpaka ikauke huku wateja wanampita. Kisha akaivuta ile ngozi iliyoganda kama mtu anavyobandua plasta. Ikakatika. "Rudisha." Ya saba ikavutika mpaka ikawa kama uzi. "Hii." Mwenye duka alicheka, lakini niliona ameiweka ile ya kwanza chini ya meza.

Madereva wa malori ya mboga walimwita Bibi. Aliwajibu wote vilevile: "Bibi yako yuko kwenu. Mimi fundi." Kuna mmoja alimjia juu nikiwepo, lori limejaa nyanya na kabichi, anataka turubai lake asubuhi ileile.

"Bibi, nyanya zinaoza."

"Zioze. Hili bado bichi. Ukilifunika leo zitaoza na kabichi, na utakuja kunitukana kwa vyote viwili."

"Yaani wewe unaendesha watu kama polisi."

"Polisi unampa kitu anakuachia. Mimi huna cha kunipa."

Dereva alikaa chini akanunua muhogo. Mchana akachukua turubai lake, kavu, akasema asante fundi. Nilisikia mwenyewe.

Sasa hiyo habari ya ngazi. Mimi nilidhani anaringa. Mtu ametoka Mgeta, kwenye njia zile ambazo mwanamke anashuka na tenga la kabichi kichwani huku upande mmoja kuna korongo tupu, halafu anaogopa ngazi ya vipago vinane? Nilimwuliza hivyohivyo, sikumung'unya.

"Mlima umesimama wenyewe," akasema. "Ngazi umeisimamisha wewe."

Kiwandani turubai lilikuja mezani kwake. Sokoni madereva waliliweka chini. Katika umri wake wote hakuwahi kupanda juu ya paa la mtu, na hilo hakuniambia. Nililiona. Kipago cha tatu miguu ikaanza kutetemeka, ngazi nzima ikatetemeka, nami nimeishika chini nausikia mtetemo kwenye viganja vyangu. Akasimama. Nikadhani atashuka. Akaanza kusema Kiluguru kwa sauti ya chini, sijui anasali au analitukana paa, akapanda vitano vilivyobaki amefumba macho. Alipoweka tumbo lake juu ya paa mtetemo ukaisha, kama mtu aliyefika kwake. Siku tano alipanda hivyo, asubuhi na mchana. Hakuzoea hata siku moja. Kila mara kipago cha tatu.

Niseme kweli, sijawahi kuona ujasiri mwingine. Wanaume niliowaona wakijisifu kwa ujasiri walikuwa hawaogopi kitu, sasa hapo ujasiri uko wapi?

Juu ya paa hakusimama. Alitandika mbao mbili, akatambaa juu yake, goti kwa goti, ili asikandamize mpira. Siku ya kwanza alikata. Kila palipoguswa na lami palitoka, na mimi moyo ulikuwa unanitoka na kila kipande, maana nilikuwa natazama mbingu kupitia nyufa za mbao juu ya kitanda cha mwanangu. Siku ya pili aliziba kwa tyubu ya lori na ile solusheni, akagonga kwa vidole, akaweka sikio, akagonga tena. Palipolia vibaya alibandua akaanza upya. Nilimwambia juu pale panaonekana pazima.

"Wewe unaona. Maji hayaoni, yanapapasa."

Ndivyo alivyozungumza, na mengine nimeyashika kama sala. Alisema paa halivuji pale linapodondosha. Maji huingia kwingine, yakatembea kimyakimya, yakatokea mbali kama mwizi. Tone la kitandani kwetu lilikuwa linaingilia kwenye kidirisha, hatua nne kutoka pale. Mimi nilipaka lami juu ya kitanda.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuosha tu. Paa lile lilikuwa linatoa unga mweupe, ukipitisha mkono unabaki kama umeshika chaki. Nilidhani vumbi. "Huu ni ngozi yake inayokufa," akasema. "Ukipaka juu yake umepaka juu ya maiti." Sabuni ya mche, maji, tambara, suuza, pitisha tambara kavu, litazame. Likiwa na weupe, tena. Nilipandisha ndoo mpaka mabega yakafa ganzi. Safari ya saba nikamwambia basi, inatosha, hata sahani zetu hatuzioshi hivi. Akanitupia lile tambara usoni. Lilikuwa na weupe mdogo pembeni, kama pembe ya jicho.

"Sahani yako mtoto hajalala chini yake," akasema.

Nilipandisha ya nane na ya tisa. Ya tisa tambara likarudi safi.

Mtu huyohuyo, ukienda chumba alichopanga, huwezi kujua pa kupita. Masufuria hayajaoshwa, vipande vya turubai mpaka kitandani, kuku anatagia ndani ya kofia. Alinifokea kwa kushika kopo kwa mkono wenye mafuta, na yeye akanywa chai kwenye kikombe kilichokuwa na gundi. Sijajaribu kuyapatanisha hayo. Alikuwa na usafi wa kiasi fulani, na wote aliumaliza kwenye kazi.

Tuligombana kwa kopo. Mimi ndiye nilisoma maandishi: mkono wa kwanza, subiri siku moja, mkono wa pili. Jumamosi tukapaka wa kwanza. Alianzia kuzunguka kidirisha na juu ya mishono, kisha akavuta brashi kwa urefu wa paa, dawa nyembamba mpaka nikaona anaibania. Lilikuwa kopo moja, na kila mchovyo nilihesabu kama pumzi za Pendo. Jioni nusu ya kopo imebaki, naye anashuka anasema, "Jumatatu."

"Imeandikwa siku moja. Kesho."

"Kesho Jumapili."

"Fundi, tazama mlima." Wingu lilikuwa limeshuka Uluguru mpaka kwenye mashamba. "Mvua iko pale. Mungu mwenyewe hataki mtoto apone mpaka uende misa?"

"Usimseme Mungu kwa mambo yako ya lami."

Nilimtukana. Siandiki nilichosema. Nilimwambia pia kwamba kama mwanangu atalazwa tena nitampeleka yeye akamweleze muuguzi. Alifunga kopo, akaligonga mfuniko kwa kiganja pande zote, akaenda zake. Kesho yake akaenda kanisani, na mimi nikashinda nimekaa mlangoni na Pendo mapajani natazama lile wingu kwa chuki.

Saa tisa mchana ilinyesha. Haikuwa mvua kubwa, ni manyunyu ya nusu saa, lakini kama tungepaka asubuhi dawa mbichi ingetiririka ukutani yote, na kopo lingekuwa limekwisha. Mkono wa Jumamosi ulikuwa umeshakauka, maji yakakaa juu yake kama shanga, duara duara. Ndani, nilipapasa dari yote kwa kiganja. Kavu.

Jumatatu alipokuja nilimwamkia kwa adabu zote. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Ulijua itanyesha?"

"Sikujua," akasema. "Nilikwenda kusali." Akafuta paa, akaweka mgongo wa mkono kwenye mpira kusikiliza unyevu, akasubiri jua mpaka saa sita, ndipo akapaka mkono wa pili, safari hii kwa upana, kukatiza ule wa kwanza. Dawa ilikwisha kwenye kona ya mwisho. Alilikwangua kopo kwa kijiti.

Alipofika chini nikafungua mdomo nimshukuru, akanizuia kwa ile brashi. "Paa halisifiwi kabla ya masika ya tatu. Masika ya kwanza linaona aibu, ya pili linazoea, ya tatu ndipo linasema ukweli. Kaa na asante yako."

Na kweli nilikaa nayo. Masika yale yalinyesha kama yametumwa, usiku na mchana, na Pendo alilala chini ya sauti ile kama mtoto wa waziri. Baba Pendo alipokuja na redio yake ya kaseti akatazama dari, akasema, "Mbona ni mpira tu umepakwa chokaa." Nilimpa ndoo na tambara nikamwambia kila mwaka kabla ya mvua paa hili linaoshwa, panda. Alipanda vipago vinne akasema ana safari. Tangu hapo naosha mimi, mpaka tambara lirudi safi.

Masika ya pili Fundi hakuwepo tena sokoni. Malori yote yalikuwa yamefunga nailoni za buluu, zikichanika zinatupwa, hakuna wa kushonesha. Wakaniambia amerudi kwao Mgeta. Nilikasirika kwamba hakuniaga, kisha nikakumbuka kwamba sisi wawili hatukuwahi kuagana vizuri hata siku moja.

Masika ya tatu yalipokuwa yanaishia nikapanda lori la mboga linalorudi tupu, mimi na Pendo, sasa anakaribia miaka mitatu na anauliza maswali mpaka dereva akaomba radhi. Gari lilipoishia tukashika njia ya miguu. Mtoto alipanda mwenyewe, mbele yangu, anaimba. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake kila hatua. Haikukwaruza.

Nyumba yake ni ya matofali ya udongo, bati lina kutu. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda ndani, na sakafuni kuna masufuria matatu yanadondokewa: to, to, to. Alikuwa amepungua. Macho yana ukungu kidogo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani huyo anayeamkia kama anagombana?" Kisha akamwona Pendo. Hakumsalimia. Alimvuta, akamgeuza, akaweka sikio mgongoni kwake, palepale alipoliweka siku ile sokoni. Pendo akaanza kucheka kwa kutekenywa. "Nyamaza," akamwambia. Pendo akanyamaza. Tukasikia matone tu.

"Pakavu," Fundi akasema.

Akaniachia mtoto. "Masika ya ngapi haya?"

"Ya tatu."

"Basi sema ulichokuja kusema."

Mimi ambaye sijawahi kukosa neno nikabaki kutazama masufuria. Tone likaangukia sufuria, na hasira ikanisaidia. "Unakaaje chini ya paa hili? Wewe?"

"Paa langu halina mtoto chini yake."

"Lami huna?"

Akaelekeza mguu chini ya kitanda. Debe lilikuwepo, limejaa, na juu yake ile brashi imefungwa kwenye khanga. Vumbi la mwaka mzima lilikuwa juu ya khanga. Alikuwa na kila kitu, isipokuwa wa kumpandia ngazi.

Kwangu alipanda siku tano.

Nilifungua mfuko wangu. Nilikuwa nimebeba tyubu ya lori, solusheni nzuri niliyoinusa mwenyewe, sabuni ya mche na tambara jeupe. Alivigusa kimoja kimoja, akaanza kucheka, mara ya kwanza namwona akicheka mpaka mabega. "Kidato cha nne," akasema. "Hili ni bati. Bati linataka lami."

Kesho yake jua likatoka. Tuliyeyusha lami nyuma ya nyumba, ngazi tukaazima kwa jirani. Alitoka akaishika kwa mikono miwili, akaichomeka kwenye udongo, akaitikisa, akaihamisha, akaichomeka tena. Nilipoweka mguu niliusikia mtetemo, ule ule, ukitoka mikononi mwake. Kwenye kipago cha tatu nikasimama. Sikuogopa. Nilitaka kujua tu palikuwaje.

"Panda," akasema kutoka chini. "Hii nimeisimamisha mimi."

Nikapanda. Nikalala tumbo juu ya bati lenye joto, mgongo kwake, na hapo ndipo nilipoisema ile asante niliyokaa nayo masika matatu, maana nikimtazama nisingeweza. Nikadhani hakusikia.

"Usianzie pale linapodondosha," akasema.